Saba kati ya kumi: matukio ya kutisha tunayoishi nayo kimya

Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilitoa toleo la tatu la mwongozo wake wa kutambua maradhi, na humo ndimo ugonjwa wa kiwewe, huu unaofahamika kwa kifupi kama PTSD, ulipopata jina rasmi. Askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam walikuwa wameupigania. Mwongozo uliweka sharti: mgonjwa awe amekumbwa na jambo lililo nje ya yale ambayo binadamu huyapitia kwa kawaida. Ilisikika kama sentensi ya busara. Kisha watafiti wakaanza kwenda nyumba kwa nyumba kuhesabu, na toleo la 1994 lilipotoka, sentensi ile haikuwamo tena.

Hesabu iliyo pana zaidi ilifanywa chini ya Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2016. Watu wazima karibu 69,000 katika nchi 24, Nigeria na Afrika Kusini zikiwemo, walisomewa orodha ya matukio 29, kuanzia vita na ubakaji hadi ajali na kufiwa ghafla. Asilimia 70 walijibu ndiyo angalau kwa moja. Asilimia 30 walijibu ndiyo kwa manne au zaidi. Chukua daladala yenye abiria 30 watu wazima: kwa wastani huo, 21 kati yao wamewahi kukutana na jambo la aina hiyo, na 9 wamekutana nayo manne au zaidi. Konda sijamweka kwenye hesabu, ingawa pengine ndiye aliyeona ajali nyingi kuliko wote waliomo.

Hapa inabidi tuelewane kuhusu maneno, kwa sababu mtaani neno kiwewe linabeba mizigo mitatu kwa pamoja. Kuna tukio lenyewe, yaani jambo linalotishia uhai au mwili wako au wa mtu aliye mbele yako. Kuna mshtuko unaofuata, ule wa kutetemeka, kukosa usingizi na kupigwa bumbuwazi, ambao karibu kila mtu huupata na kwa wengi hupungua wenyewe siku zinavyokwenda. Na kuna ugonjwa, pale dalili zinapokaa zaidi ya mwezi na kumzuia mtu kuishi, kufanya kazi au kulala. Ile asilimia 70 ni ya tukio. Mtu akikuambia kwamba watu saba kati ya kumi ni wagonjwa wa kiwewe, amechanganya cha kwanza na cha tatu. Siku hizi kosa hilo nalisikia mara nyingi mno, hata redioni.

Ni matukio gani yanayojaza hesabu hiyo? Ukisikia kiwewe, akili hukimbilia vitani au kwenye mabomu. Lakini zaidi ya nusu ya matukio yote yaliyoripotiwa yalitoka kwenye aina tano tu: kushuhudia mtu akifa au akiumia vibaya, kufiwa ghafla na mpendwa, kuporwa kwa nguvu, ajali ya gari ya kuhatarisha maisha, na ugonjwa au jeraha la kutishia uhai. Isome orodha hiyo ukiwa Mbagala, Kisumu au Bukavu, uone kama kuna hata moja la kukushangaza. Kenya peke yake hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kwa mwaka. Kila kifo cha aina hiyo huacha nyuma waliokuwa kwenye kiti cha pembeni, waliokimbia kutoka vibandani kuvuta majeruhi, mwendesha bodaboda aliyefika wa kwanza, na mama aliyepigiwa simu na mtu asiyemjua akitumia simu ya mwanawe.

Maafa makubwa tunayakumbuka kwa tarehe. MV Bukoba, Mei 1996. Balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, Agosti 1998. Chuo cha Garissa, Aprili 2015. MV Nyerere karibu na Ukara, Septemba 2018. Lori la mafuta Morogoro, Agosti 2019. Baada ya maafa ya namna hiyo huzungumzwa suala la ushauri nasaha kwa manusura, na ni sawa kabisa. Ila mtu aliyegongwa na lori Chalinze siku ya Jumanne ya kawaida hana tarehe inayokumbukwa na mtu yeyote zaidi yake. Hao ndio wengi.

Takwimu za mambo haya hubadilika sana kulingana na swali lilivyoulizwa, na msomaji ana haki ya kulijua hilo kabla hajabeba asilimia yoyote na kwenda nayo kwenye kundi la WhatsApp. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, utafiti wa kitaifa Marekani ulikuta kwamba asilimia 61 ya wanaume na asilimia 51 ya wanawake walikuwa wamepatwa na tukio la namna hiyo. Miaka michache tu baadaye, 1996, watafiti wengine wakahoji wakazi wa eneo la Detroit na kupata karibu asilimia 90. Detroit haikuwa nchi nyingine. Orodha yao ya maswali ndiyo iliyokuwa ndefu zaidi, na kifo cha ghafla cha mtu wa karibu kiliulizwa waziwazi, nacho kilitajwa na watu sita kati ya kumi. Huku kwetu, utafiti wa kaya uliofanyika upande wa Nyanza, Kenya, na kuchapishwa 2015, ulikuta asilimia 48 ya watu wazima wamewahi kupata tukio zito, na mmoja kati ya kumi alikuwa na dalili zinazoelekea kwenye ugonjwa wenyewe. Ni chini ya ile 70 kwa matukio, lakini kwa dalili ni juu sana kuliko wastani wa dunia nitakaoutaja mbele. Sidhani kwamba watu wa Nyanza wamepatwa na machache. Nadhani waliulizwa kwa ufupi zaidi.

Kuna pia suala la nani yuko chumbani swali linapoulizwa. Tafiti za afya ya jamii, hizi zinazofanywa kila baada ya miaka kadhaa Tanzania na Kenya, zina masharti makali kwenye sehemu ya ukatili: katika kaya huulizwa mwanamke mmoja tu, na huulizwa faraghani. Mume akiingia, mhojaji anabadilisha mada. Kwa utaratibu huo, utafiti wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa kimwili tangu walipofika miaka 15, na asilimia 17 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Utafiti wa 2009 nchini humo kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana na wavulana hao leo ni watu wazima. Ni wenzetu kazini, ni walimu wa watoto wetu. Wapo kwenye ile asilimia 70.

Na wapo ambao hawakuulizwa kabisa. Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyowafanya madaktari wa Ulaya waandike kurasa nyingi kuhusu askari waliotetemeka na kupoteza sauti baada ya mizinga. Vita hivyohivyo vilipiganwa hapa, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maradhi na njaa wakibeba mizigo ya majeshi. Walituachia jina la Kariakoo, lililotokana na "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi. Kuhusu walivyolala usiku wale waliorudi hai, sijawahi kukutana na daftari la daktari.

Sasa upande wa pili wa hesabu, ambao kwangu ndio wa ajabu zaidi. Katika tafiti zilezile za Shirika la Afya Duniani, kati ya watu waliopatwa na tukio, waliowahi kuugua ugonjwa wa kiwewe walikuwa asilimia 5.6. Ukichukua watu wote, waliopatwa na wasiopatwa, ni asilimia 3.9. Afrika Kusini karibu robo tatu ya watu wazima walikuwa wamekumbwa na tukio, lakini waliowahi kuugua ni asilimia 2.3. Binadamu ana uwezo mkubwa wa kupigwa na dunia kisha akasimama. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na kwa walio wengi walikuwa sahihi.

Kwa wachache hao wengine, yaliyopita ni ndwele hasa. Swali ni kwa nini kwao na si kwa jirani yao aliyekuwa kwenye basi lilelile.

Jibu la kwanza ni wingi. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti kwa wakimbizi na wenyeji wa eneo la West Nile, Uganda, zaidi ya watu 3,000. Waliotaja aina tatu za matukio au pungufu, chini ya robo walikuwa na ugonjwa. Namba iliongezeka kadiri matukio yalivyoongezeka, na waliotaja 28 au zaidi walikuwa wagonjwa wote. Hakuna aliyebaki mzima kwa kuwa shupavu. Rwanda ni ushahidi mwingine: utafiti wa afya ya akili wa 2018 ulikuta ugonjwa huu kwa asilimia 3.6 ya watu kwa jumla, lakini kwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ulikuwa asilimia 27.9, miaka 24 baadaye. Wanyarwanda wana neno lao, ihahamuka, kwa ile hali ya mtu kukatika pumzi na kupiga kelele kana kwamba wauaji wamerudi mlangoni. Kila Aprili, kwenye maadhimisho, watoa huduma huwa tayari pembeni na maji na mahali pa kulaza watu.

Jibu la pili ni aina ya tukio, na hapa namba zinasema kitu ambacho jamii yetu ingepaswa kukitazama usoni. Kufiwa ghafla na mpendwa ni miongoni mwa matukio yanayotajwa zaidi, lakini wanaougua kwa sababu hiyo ni takriban 5 kati ya 100. Kupigwa na mwenzi, karibu 12. Kubakwa, 19. Wanawake huugua takriban mara mbili ya wanaume ingawa kwa jumla wanaume ndio wanaotaja matukio mengi zaidi, na sehemu ya maelezo imo humohumo: matukio yanayowapata wanawake zaidi ndiyo yale yanayoacha makovu zaidi.

Nina dhana yangu juu ya tofauti hiyo, na naisema kama dhana. Mtu akifiwa, tunajua la kufanya. Turubai linafungwa, majirani wanaleta sufuria na unga, wanaume wanalala nje, wanawake wanakaa ndani na mfiwa, hakuna anayemlazimisha kusema wala kunyamaza. Kuna siku tatu, kuna arobaini, kuna eda. Mfiwa haachwi peke yake usiku wa kwanza. Kwa maoni yangu, matanga ni mojawapo ya taasisi bora za afya ya akili tulizonazo, na hayakuanzishwa na wizara. Lakini ubakaji hauna tanga. Aliyeporwa kwa panga akirudi nyumbani anaambiwa ashukuru Mungu amepona. Anayepigwa na mumewe hapikiwi uji na majirani, anashauriwa avumilie. Na mama aliyejifungua mtoto mfu mara nyingi hukuta maziko yameshafanyika kabla hajatoka wodini, na anaambiwa asilie, atapata mwingine. Yale matukio yanayoumiza zaidi ndiyo tusiyoyawekea utaratibu.

Kwa sababu hayana utaratibu, huja hospitalini yakiwa yamevaa nguo nyingine. Watu hawaingii kliniki wakisema nina kiwewe. Wanasema tumbo linawaka na dawa za vidonda zimeshindwa. Wanasema presha inapanda na kushuka. Wanasema nina mawazo mengi, moyo unaenda mbio, kichwa kizito, usiku nashtukashtuka. Wengine wameshapita kwa mganga, wengine wameombewa, na sijapata sababu ya kuwalaumu: walitafuta msaada pale palipokuwa karibu. Kuja kliniki ya afya ya akili kuna gharama yake katika nchi ambazo majina ya hospitali za akili, Mirembe, Mathari na Kidongo Chekundu, yamegeuzwa matusi ya kutaniana.

Dalili zenyewe ukizijua si ngumu kuzitambua. Kwanza, tukio hurudi lenyewe bila kualikwa, kwa ndoto au kwa picha za mchana kweupe, na mtu huhisi kana kwamba linatokea sasa. Pili, mtu huanza kukwepa: anazunguka kilomita mbili asipite kwenye daraja lile, au anahama chumba. Tatu, mwili hukaa macho muda wote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na methali hiyo inaeleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vyangu vingi, kwa sababu inasema pia kwamba ung'ongo si nyoka. Ubongo wa mgonjwa haupati nafasi ya kulitambua hilo. Pikipiki ikipiga kishindo, jasho limeshatoka kabla akili haijafika. Kwa wanaume wengi hali hii hujitokeza kama hasira za ghafla na pombe, na familia huona ulevi, haioni ajali iliyotangulia.

Nini kifanyike baada ya tukio? Nianze na yasiyofaa, kwa kuwa hufanywa kwa nia njema. Si vizuri kumkalisha mtu siku ya pili na kumtaka asimulie kila kitu toka mwanzo ili "kitoke". Vikao vya mara moja vya namna hiyo havizuii ugonjwa, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2013 haivipendekezi. Miongozo hiyohiyo inasema dawa za usingizi na za kutuliza za jamii ya diazepamu zisitolewe kwa ajili ya mshtuko katika mwezi wa kwanza. Najua zinauzwa kwenye maduka ya dawa mengi bila cheti.

Yanayosaidia siku za mwanzo ni ya kawaida sana: usalama, maji, chakula, mahali pa kulala, kumpata ndugu yake kwenye simu, na mtu mmoja mtulivu asiyeuliza maswali mengi. Mwezi ukipita na mtu bado halali, bado anakwepa, bado anashtuka, hapo anahitaji tiba, na tiba ipo. Ni ya mazungumzo, yenye mpangilio, ambapo mgonjwa hulisogelea tukio polepole akiwa na msindikizaji aliyefunzwa, mpaka kumbukumbu ikubali kukaa mahali pake kama jambo lililokwisha. Wala si lazima msindikizaji awe daktari. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwatibu wakimbizi wenzao kutoka Rwanda na Somalia, na wengi wa waliotibiwa walipona. Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii walipewa mafunzo mafupi na kukutana mara tano na wanawake, wengi wao waliokuwa wamepitia ukatili, na dhiki yao ikapungua zaidi kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Moshi na Bungoma, washauri wasio na shahada ya saikolojia waliwahudumia nusu ya watoto 640 walioshiriki utafiti, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, kupitia mpango uliopewa jina Pamoja Tunaweza; nusu nyingine walipata huduma ya kawaida. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali, na Bungoma yalidumu zaidi kuliko Moshi, jambo linalotukumbusha kwamba hata tiba nzuri inategemea inapotua. Hadi wagonjwa 40 kati ya 100 hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja. Lakini katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ni mmoja tu kati ya wanne anayetafuta matibabu ya aina yoyote.

Kwa aliyebakwa kuna haraka isiyosubiri mwezi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ina thamani, kwa hiyo hospitali kwanza. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi na simu namba 116 kwa masuala ya watoto. Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono. Kenya namba ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Simu hizi ni za bure.

Kwa wengine wote, yaani wale 21 wa kwenye daladala, wengi hawatahitaji kliniki yetu. Wanahitaji kilekile tunachowapa wafiwa. Kama kwenye mtaa wako kuna mama aliyerudi kutoka hospitali mwezi huu bila mtoto, hakufungiwa turubai na pengine hakuna aliyegonga mlango. Mpelekee uji. Usimwambie atapata mwingine. Kaa, na mkishakuwa mmekaa kidogo, unaweza kumuuliza kama alikuwa ameshamchagulia jina.